Wifi Yangu na Khitma ya Bwana Hilali

Wifi yangu Mwanawema ni mtu wa maneno machache, na mie ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo habari zake itabidi nizieleze mie. Yeye ukimuuliza atakwambia "si kitu", halafu atainama kwenye tanuri lake aendelee kubandika mikate ya mofa. Ndivyo alivyo. Mumewe Matano alipokwenda Tanga kutafuta maisha, akayapata pamoja na mke mwengine, Mwanawema alisema si kitu. Ukuta wa jiko ulipoanguka masika, si kitu. Mie ni wifi mtu, nina haki ya kumsema, na nimemsema sana, usoni na kisogoni. Lakini hili la mwaka huu nitalieleza kama lilivyokuwa, maana watu wa Chake hapa Pemba wameshaligeuza mpaka wengine wanasema tulipigana makaburini. Hakuna aliyepigana.

Nyumba yao iko Tibirinzi, ule upande wa mteremko. Nasema yao kwa sababu mie nimeolewa tu, kwetu ni Makangale. Niliolewa na Masoud, kaka yake Mwanawema. Pana nyumba, pana kisima, pana mikarafuu ya kale ambayo wachumaji wa siku hizi wanaiogopa kwa urefu wake, na juu kabisa ya kilima pana kaburi moja la chokaa. Ni la Bwana Hilali bin Saidi. Kila mwaka mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia, ukoo mzima unakusanyika pale. Kaburi linafagiliwa, jamvi linatandikwa, wanaume wanagawana majuzuu wanasoma khitma, dua inaombwa, watu wanakula pilau. Nilipoletwa bibi harusi nilikuta hivyo, nikajua huyo ni babu yao. Ningejuaje vyengine? Nani anamsomea mtu asiye wake, mwaka hata mwaka?

Kumbe.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuja kunikanda. Akafunga mlango, akanambia, "Sasa umezaa damu yetu, mwanangu, kwa hiyo uijue. Bwana Hilali si babu yetu. Alikuwa bwana wetu."

Nikamkodolea macho. Akarudia polepole, kama anayemfahamisha mtoto. Bibi yake yeye, Faida, aliteremshwa bandarini Chake akiwa mdogo, hajang'oka meno ya utoto, pamoja na watu wengine walioletwa kutoka bara. Bwana Hilali akamnunua. Hilo jina la Faida alimpa yeye, na ukilitazama utaona si jina la mtoto, ni jina la biashara. Jina alilopewa na mamake, kama alilikumbuka, hakumwambia mtu. Akakulia kwenye karafuu za Bwana Hilali, kuokota, kuchambua, kuanika, kuanua mvua ikinyesha. Bwana alipohisi mauti yanamkaribia aliwaacha huru, akaufanya huu mteremko wakfu kwa ajili yao na vizazi vyao. Hauuzwi, haurithiwi na watu wengine. Sharti lake moja, kila Shaabani wamsomee khitma.

"Na tumemsomea," alisema mama mkwe. "Hatujakosa."

"Na huyo Faida kaburi lake liko wapi?"

"Kule chini migombani. Wao walikuwa hawajengewi."

"Na yeye anasomewa?"

Mama mkwe akanigeuza ubavu wa pili, akaendelea kunikanda. Nilikasirika, sifichi. Si kwa sababu ya damu, damu ni damu. Nilikasirika kwa mapilau niliyompikia yule bwana, macho yananitoka machozi kwa moshi wa kuni, na mtu wa kupikiwa amelala migombani hana hata jiwe. Nikamuuliza Masoud usiku wa kwanza niliporudi chumbani kwetu. Akanambia mambo ya kale yawache kama yalivyo, akageukia ukutani akalala. Alijua, na dada yake alijua, na baada ya mama yao kufa nyumbani tulibaki sisi watatu tunaojua. Watoto wetu hatukuwaambia. Wao walisema "kwa babu Hilali" kama watoto wengine wanavyosema kwa babu zao, na kila mwaka ulivyopita uongo wenyewe ulizidi kuwa mtamu. Masoud akaanza kusema mbele za watu kwamba sie ni watu wa Bwana Hilali, na huo si uongo, walikuwa wake kwa kununuliwa. Msikilizaji alielewa alichopenda kuelewa.

Na mtu asinicheke. Kwetu Pemba humsikii mtu akimwita mwenzake mtumwa. Tunaishi vizuri, tunazikana, tunakopeshana chumvi, tunasali safu moja. Ukienda pale bandari ya zamani ya Chake, ambayo mikoko imeshaiziba, hakuna atakayekwambia kwamba watu walikuwa wakishushwa pale. Mgeni akija huoneshwa ngome na magofu. Neno lenyewe limefukiwa, na wote tunapita juu yake kwenda sokoni. Linafukuliwa siku moja tu, siku mtu anapoposa. Hapo ndipo wazee wanapokaa kitako na kuulizana kwa sauti ya chini: hawa asili yao nini? Wanatafuta kufu, yaani mtu wa daraja yao, wenyewe wanasema.

Basi Asya akapata mchumba.

Asya ni binti pekee wa Mwanawema, mwalimu wa skuli ya msingi, msichana mwenye adabu lakini ulimi wake ameurithi kwangu, ijapokuwa mie si damu yake. Kijana mwenyewe Talib, anafanya kazi bandarini Wete. Wenyewe walipendana, hilo sina shaka nalo. Alikuwa akija Ijumaa na papai au samaki, anamsalimu Mwanawema kwa kuinama, anakaa barazani na kuongea habari za meli mpaka mtu unasinzia. Asya hakuwa akisinzia. Alimsikiliza mtu huyo akieleza makontena kama anaelezwa habari za peponi. Mwanawema alikuwa akiwatazama kutoka kule tanurini, na nilimwona akitabasamu peke yake, jambo ambalo kwa mtu yule ni sawa na wengine kupiga vigelegele.

Baba yake Talib alishafariki, kwa hiyo aliyekuja kuposa ni babu yake mzaa mama, Mzee Mmanga wa Madungu, pamoja na mshenga wao, Mzee Kificho. Mzee Mmanga ni mtu mzito. Kanzu yake haina kikunjo, na ukoo wake anaweza kuutaja kwenda juu mpaka ukachoka wewe. Masoud akawapokea badala ya Matano aliyeko Tanga, sie wanawake tukakaa nyuma ya pazia. Tukasikia salamu, tukasikia posa, halafu tukasikia lile swali, limefunikwa vizuri kama chakula cha mkwe: "Na nyinyi, Bwana Masoud, wenyeji wenu khasa ni wa wapi?"

Mume wangu akajibu bila kusita, "Sie tumezaliwa hapa hapa. Kaburi la babu yetu, Bwana Hilali bin Saidi, liko hapo juu. Tunamsomea khitma kila Shaabani."

Babu yetu. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka hivyo wazi. Mwanawema alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini kwenye sinia pole pole, na hakukigusa tena. Kule mbele Mzee Mmanga alifurahi. Alisema jina la Bwana Hilali alikuwa akilisikia kwa wazee wake, mtu mkubwa, mcha Mungu. Halafu akasema: kwa kuwa Shaabani iko mlangoni, na kwa kuwa tunakuwa watu wamoja, angependa yeye na jamaa zake waje kwenye khitma, wamsomee babu pamoja nasi. Majibu ya posa tutapeana papo hapo, baada ya dua, kwa baraka.

Masoud alipoingia ndani baada ya wageni kuondoka, uso unang'aa kwa jasho, nilimuuliza kama amerogwa. Alinambia, "Ulitaka niseme nini, Rahila? Niseme tulinunuliwa?" Nina watoto wa kike wawili, na nikafikiri siku yao itakapofika nani atakuja, na nikanyamaza. Huo ndio ukweli.

Mwanawema yeye aliamua kumwambia Asya. Alisema mtoto asiolewe akiwa hajui. Alimwita jikoni jioni moja kabla ya magharibi, na mie nikiwa pale nachambua mchele, akamweleza yote kwa maneno yasiyozidi yale anayotumia kumkatalia mtu mkopo. Faida, bandari, wakfu, khitma. Asya alisikiliza amesimama. Nilidhani atalia. Hakulia. Akauliza, "Kina Talib wanajua?"

"Hawajui."

"Na utawaambia?"

Mwanawema akasukuma kuni jikoni.

"Mama, nakuomba," alisema Asya. "Sikuombi useme uongo. Amesema mjomba, dhambi yake. Wewe nyamaza tu. Huna kazi nyengine, maisha yako yote umenyamaza. Nyamaza na siku hiyo."

Maneno yalimwingia Mwanawema, niliyaona yakimwingia. Lakini alimshika mwanawe mkono, akamwambia, "Nitanyamaza." Na nyie mnaosema alikusudia kumharibia mtoto wake, mie nilikuwepo. Alikusudia kunyamaza.

Siku ya khitma ikawa na hali nzuri, jua limefichwa na mawingu. Wanaume walikaa kwenye jamvi kuzunguka kaburi, wageni wamewekwa mbele. Shehe Ahmada, anayetusimamia khitma kila mwaka, alikaa kichwani. Sie wanawake tulikuwa pembeni chini ya mikarafuu na masufuria yetu, karibu kiasi cha kusikia kila kitu. Mwanawema ndiye mwenye chetezo, ndiyo kazi yake kila mwaka: anakitia ubani, anakipeleka ukingoni mwa jamvi, anarudi. Majuzuu yakasomwa yakaisha. Ikabaki dua.

Shehe Ahmada kabla ya kuinua mikono huwa anatoa nafasi kidogo, mtu mwenye la kumsema marehemu aseme. Kwa kawaida hakuna anayesema. Safari hii Mzee Mmanga alikohoa, akazungumza. Alimsifu Bwana Hilali. Alisifu ukarimu wake, elimu yake, na mikarafuu hii. Akaitazama mikarafuu, akasema, na hakuwa na ubaya wowote, alisema kama mtu anayejisemea:

"Miti yote hii walipanda watumwa wake. Wazee walikuwa wakisema alikuwa nao wengi, na akawaacha huru. Sasa wale watu sijui walipotelea wapi. Wamekwisha kabisa, huoni hata kizazi."

Mwanawema alikuwa ukingoni mwa jamvi na chetezo mkononi.

"Hawakupotea," alisema. "Ndio sie."

Aliyasema kwa sauti ile ile anayowaambia wateja kwamba mikate imekwisha. Masoud akamwita jina, mara moja, kama anamwita mtu aliyekaribia shimo. Mwanawema akaweka chetezo chini, akajitanda kanga vizuri.

"Ndio sie, Mzee Mmanga. Bwana Hilali hakuwa babu yetu. Alimnunua mama yake bibi yetu, pale Chake bandarini, akiwa mtoto. Tunamsomea kwa kuwa ndilo sharti la wakfu, na alitufanyia wema mwisho, Mungu amlipe. Lakini aliyetuzaa ni yule, na amelala kule chini migombani, na tangu nizaliwe sijasikia mtu akimwombea hata herufi moja." Halafu akamgeukia Shehe. "Shehe, nakuomba umtie na yeye kwenye dua. Anaitwa Faida."

Nyie, nilisikia pilau likitokota. Wanaume wote walikuwa wameinamisha vichwa, kila mmoja anatazama jamvi. Nilimtafuta Asya kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, mikono imekauka kwenye kifuniko cha sufuria, na alinitazama mie, si mamake.

Shehe Ahmada ni mtu wa makamo, mpole. Alifikiri, halafu akauliza lile analolazimika kuuliza, maana maiti haombewi kwa jina tupu, "Faida binti nani?"

Na hapo Mwanawema alishindwa. Alifungua mdomo, akaufunga. Aliweza kuusema utumwa mbele ya wazee, lakini hilo hakuwa nalo. "Hatujui," alisema. "Aliletwa mdogo. Hatujui babake wala mamake." Akaanza kulia, wifi yangu huyu wa si kitu, amesimama wima, machozi yanamchuruzika na wala hayafuti.

Halafu akasema, "Sote mama yetu ni Hawa," akainua mikono, akaomba. Alimwombea Bwana Hilali bin Saidi. Kisha akasema na thawabu za kisomo hiki zimfikie Faida binti Hawa, na waliokuja pamoja naye, na waliofia njiani. Hilo la mwisho aliliongeza mwenyewe. Wanaume wakaitikia amin. Masoud pia aliitikia, nilimsikia.

Pilau lilipakuliwa. Mzee Mmanga alichota tonge moja, akalitafuna kwa muda mrefu, akanawa. Akaaga kwa adabu zote. Habari ya posa haikutajwa.

Ilitajwa baada ya siku kadhaa. Alikuja Mzee Kificho peke yake, akakalia ukingo wa kiti, akazungumza habari za mvua na bei ya samaki mpaka nikataka kumkamua. Mwishowe akatoa alichotumwa. "Wenzenu wamesali istikhara," alisema. "Moyo wa mzee haukutulia." Basi. Kwetu huna la kujibu hapo. Istikhara ni kumwomba Mungu akuoneshe la kheri, na nani atabishana na Mungu? Kila asiyetaka kukwambia kwa nini amekukataa, husali istikhara. Asya alikuwa nyuma ya pazia, akasikia. Talib alimpelekea ujumbe kwenye simu, kwamba anampenda lakini mbele ya babu yake hana kauli. Asya alinionesha, kisha akaufuta. Nilimtukana yule kijana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa, na Asya akanambia, "Usimtukane, Bi Rahila," ndipo akalia, na nilimpakata kama mtoto mchanga.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Masoud hakukanyaga kwa dada yake. Asya alikwenda skuli na kurudi, akimsalimu mamake shikamoo na kupita. Mkate wa mamake hakuula. Mie nilikuwa katikati, nabeba maneno na vyungu kutoka nyumba hii kwenda ile, na kila upande unanikasirikia. Siku moja nilimkuta Mwanawema ameinamia tanuri, mkono ndani, mkate umeshaungua na yeye hausikii. Alikuwa akilia. Nilimhurumia mpaka nikapandwa na hasira.

"Unajuta?" nilimuuliza.

"Kwa Asya, najuta kila saa," alisema. "Kwa Faida, sijuti. Sasa nifanyeje, wifi? Moyo wenyewe ni mmoja."

"Ulimuahidi kunyamaza."

"Nilikuwa nimenyamaza. Angesifu tu, ningenyamaza mpaka mwisho. Lakini alisema wamekwisha, Rahila. Nimesimama mbele yake, ananiambia nimekwisha." Akautoa ule mkate ulioungua, akaukwangua masizi. "Kunyamaza naweza. Kufa siwezi, na mie mzima."

Sijui kama Asya aliyasikia hayo, nyumba zetu kuta zake nyembamba. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja ya Ijumaa aliniuliza kaburi lenyewe liko mgomba upi. Nikamwonesha. Pana mwinuko mdogo tu, huujui kama huujui. Akafyeka majani, akapalilia, akakaa pale mpaka jua lilipokuwa kali. Aliporudi alikaa jikoni kwa mamake, akavuta sinia la unga wa mtama, akaanza kukanda. Mie nilijifanya nimekuja kuazima kinu.

Ramadhani ikaingia. Mwezi huo Mwanawema hana nafasi ya kuhema, watu wanataka mofa za futari, na baada ya alasiri kiwanja kinajaa. Na hapo ndipo nilipoanza kuona mambo. Alikuja mzee mmoja wa upande wa Madungu, akanunua mikate, akasubiri wenzake waondoke. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Bi Mwanawema, mwakani kwenye kile kisomo chenu mtieni na Farjala. Babake babu yangu." Akaondoka haraka kama aliyeiba. Mwanawema alisema si kitu. Kisha akaja mwanamke mwengine na jina lake. Kisha fundi cherehani mmoja. Watu ninaowajua miaka yote, nimekwenda kwenye arusi zao, nimekaa kwenye misiba yao, na sikuwahi kuhisi. Kila mmoja anadhani nyumba yake ni peke yake.

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani alipokuja Bi Mwanabaraka, mamake Talib. Alijifunika mpaka machoni lakini nilimjua kwa mwendo. Asya alikuwa anafunga mikate kwenye magazeti. Alimwona, mikono ikasimama. Wateja walipungua, Mwanabaraka akasogea. Hakuuliza bei.

"Bi Mwanawema," alisema, "nina jina."

Mwanawema akaendelea kubandika. "Jina gani?"

"Zafarani. Bibi yake babangu, mzaa baba. Alikuwa wa kununuliwa. Bwana mwenyewe akamweka ndani, akazaa naye." Alikuwa akisema haraka haraka, kama anayeogopa pumzi itamwishia. "Ndiye aliyemlea babangu. Alimbeba mgongoni mpaka alipoweza kukimbia."

"Na Mzee Mmanga anajua?"

"Atakosaje kujua? Akipandwa na homa anamwita yeye. Hamwiti mamake, hamwiti Mungu. Tunamkanda kwa maji baridi, na yeye anaita Zafarani, Zafarani, anataka abebwe. Akipoa, marufuku kulitaja jina hilo nyumbani."

Mwanawema akautoa mkono tanurini, akasimama wima. Sijawahi kumwona na uso ule. "Basi nirudishie nyumbani hilo jina," alisema. "Silipokei. Kwa ajili ya mtu kama huyo huyo mmemwacha mwanangu analia, mkamsingizia Mungu kwa istikhara. Sasa umekuja kwangu na kitambaa usoni ili nimsomee mie? Msomeeni nyinyi."

Mwanabaraka hakujitetea. Alisimama pale na mikono mitupu. Mie, Mungu anisamehe na saumu yangu, nilifurahi. Nikasema moyoni, mpe, wifi, mpe tena.

Asya aliweka gazeti chini. Akazunguka meza, akasimama kati yao, uso kwa mamake.

"Mpokee, mama," alisema.

"Asya, hawa ndio waliokukataa."

"Walionikataa ni hawa. Zafarani hakunikataa."

Mwanawema akafunika tanuri. Kisha akajifuta unga mikononi kwa ile kanga yake, akamgeukia Mwanabaraka.

"Zafarani binti nani?"

Mwanabaraka akaufunua uso. Akafikiri, akamtazama Asya, akarudi kumtazama Mwanawema.

"Hatujui," alisema.